Jini wa Akiki na Mwanasesere wa Binti Sultani

Siku ya Jumamosi, tarehe 3 Rajabu, mwaka wa 871 wa Hijra, baada ya sala ya alasiri, Sultani Idarusi bin Mahdali bin Abubakari al-Buruji, mtawala wa mji wa Buruji na vitongoji vyake vyote, aliketi barazani pake, mawaziri wakiwa kuliani kwake na makadhi kushotoni kwake, na akatangaza kwamba mwanawe wa pekee, Binti Nuruaini, aliyezaliwa tarehe 12 Safar mwaka wa 853, ameposwa na Amiri Sabiki wa mji wa Ghuraba, na kwamba ndoa itafungwa tarehe 15 Shaabani ya mwaka ule ule. Na msikilizaji aziweke tarehe hizi moyoni tangu mwanzo, kwa kuwa mkasa wote ufuatao ulitokana na siku kumi na nne zilizopunguzwa.

Na katika mji wa Buruji ilikuwako desturi, isiyojulikana mwanzilishi wake, kwamba binti anapotolewa kwao kwenda kwa mumewe, mama yake huachiwa mwanasesere mwenye sura yake, kimo chake dhiraa moja, wa udongo mweupe uliochomwa, ili nyumba isibaki tupu kwa ghafla. Udongo wa mwanasesere huyo ulikorogwa kwa maji aliyonawia bibi arusi, ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa, kisha ukamiminwa ndani ya kalibu ya jasi yenye vipande viwili vilivyofungwa kwa kamba. Jasi hunywa maji na udongo hushika pembeni, na ule uliobaki katikati humwagwa kwa tundu lile lile uliloingilia. Na ajabu ya Buruji ilikuwa hii, kwamba kalibu zilikuwa za namna moja kwa mabinti wote, lakini kila ilipofunguliwa alitoka mwanasesere mwenye sura ya mwenye maji, na kila alama ya mwili wake, ndogo na kubwa, kwa nguvu ya yale maji peke yake.

Hata hivyo hakutoka akiwa tayari. Alitoka mbichi, na amezungukwa na mshono tangu utosini hadi nyayoni, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na tundu la kumiminia likiwa wazi katikati ya nyayo. Kazi ya kumimina ilikuwa ya wanaume. Na kazi ya kukwangua mshono, kuziba tundu, kulainisha kwa kitambaa cha maji na kung'arisha kwa jiwe kabla ya tanuri ilikuwa ya wanawake, kwa sababu mwanasesere huyo hana nguo, na mwili ule ni wa mwenyewe.

Na mbora wa kazi hiyo alikuwa Bi Tamima binti Ubwa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, asiyewahi kuolewa, mwenye kisu chembamba cha urithi na ulimi uliokishinda kisu kwa ukali. Alifanya kazi katika ua wa Fundi Vuai, mmiminaji, aliyefiwa na mkewe miaka mitano nyuma, na kati yao lilitundikwa jamvi ili kila mmoja awe upande wake.

"Fundi Vuai," Bi Tamima alikuwa akisema kila kalibu ilipofunguliwa, "huu ni mshono au kamba ya kufungia ng'ombe?"

"Bi Tamima," hujibu yule fundi nyuma ya jamvi, "nami nikizifunga kalibu barabara, wewe utakula nini?"

Kanuni za kazi yake zilikuwa tatu, alizozipokea kwa nyanya yake. Ya kwanza, mwanasesere akitoka katika kalibu, mtazame siku nzima bila kumgusa, ujue mstari upi ni wa kalibu na upi ni wa mtu. Ya pili, unga wa udongo unaokwangua usiutupe, uweke katika sinia yake peke yake mpaka mama mtu amkubali mwanasesere. Na ya tatu ilihusu jiwe la akiki la kung'arishia, jekundu, lenye ukubwa wa yai la njiwa: lilowanishe kwa maji ya bakuli, usililambe kamwe. Sababu ya hii ya tatu nyanya hakuitaja.

Siku ya Jumanne, tarehe 20 Rajabu, udongo wa Binti Nuruaini ulimiminwa, na Jumatano ukatoka, na Bi Tamima akamfunika mwanasesere kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa alikuwa na wengine sita mbele yake, watu wengi wakitaka kuoza kabla ya Ramadhani. Na Alhamisi, tarehe 22, akaja Waziri Shamlani mwenyewe, akiwa amepanda nyumbu, naye akasema kwamba msafara wa Amiri Sabiki umetoka mapema kwa kuchelea kukauka visima vya njiani, na kwamba ndoa sasa itafungwa tarehe mosi Shaabani, na kwa hiyo mwanasesere wa Binti Sultani aingie tanurini Jumapili.

"Mheshimiwa Waziri," akasema Bi Tamima, "udongo haujui kuwa Amiri ana haraka."

"Basi ufundishe, mama," akajibu Waziri, akageuza nyumbu wake.

Bi Tamima akashika kazi ya wale sita kwa haraka, na maji ya bakuli yakageuka tope, na yeye hakutaka kupoteza muda wa kwenda kisimani. Akalitia jiwe mdomoni, akalilamba, kama mshonaji alambavyo ncha ya uzi. Hapo likatoka vumbi jekundu katika jiwe, likapanda hata likagusa makuti ya paa, kisha likajikusanya, na mbele yake akasimama jini mwenye kiwiliwili cha rangi ya shaba, ameinamisha kichwa kwa sababu paa lilikuwa fupi.

"Amri yako, ewe mwenye jiwe," akasema. "Mimi ni Tarfushi bin Kashkashi, mtumwa wa akiki, na nimekaa humu tangu mwaka wa 260 bila kazi ya maana."

Bi Tamima hakuwa mtu wa kuzimia. Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Unajua kulainisha?"

"Bibi, nilizisugua nguzo za kasri za wafalme ambao leo hata makaburi yao hayajulikani yalipo. Nzi alipotua, aliteleza."

"Basi yupo mmoja chini ya kitambaa kile. Mwondolee kila mstari, na kila tundu ulizibe. Unga uweke katika sinia."

Na hili ndilo lilikuwa kosa lake, kwa kuwa mwanasesere yule alikuwa hajatazamwa hata saa moja. Jini akaketi, akapitisha viganja vyake, na kabla maji ya kahawa hayajachemka alikuwa amekwisha kumaliza. Bi Tamima akafunua kitambaa, akamwona mwanasesere laini kama yai, asiye na mshono popote, na akafurahi, kwa kuwa jicho huona kilichopo, na kilichoondoka hakuwahi kukijua. Akamfunika tena, akamrudisha jini katika jiwe, akaendelea na wale sita.

Ijumaa asubuhi, tarehe 23, aliitwa kasrini. Alimkuta Sultani amesimama, jambo lisilo la kawaida, na mkewe Sultana Jokha ameketi kando ya binti yake bila kumgusa.

"Jana adhuhuri," akasema Sultana, "nilikuwa namsuka nywele. Akageuka akaniuliza jina langu. Miaka kumi na minane nimeitwa mama, na tangu jana naitwa bibi."

Binti Nuruaini akainamisha kichwa kwa adabu. "Bibi huyu amekuwa mwema kwangu sana," akamwambia Bi Tamima, "na mimi naona haya kumuuliza ananitaka nini."

Bi Tamima akaomba ruhusa, akaushika mkono wa Binti Sultani na kuugeuza. Kiganja hakikuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa kama mgongo wa kijiko. Akatazama juu ya nyusi ya kushoto, ambako mji mzima ulijua kuwa palikuwa na kovu, na kovu halikuwako. Akaelewa yote kwa mara moja, kwamba mkono wa mwanadamu juu ya udongo ule hauna madhara, lakini mkono wa jini huyafuata yale maji mpaka kwa mwenyewe. Na kwamba kila alama iliyoondolewa iliondoka na siku yake. Akapiga magoti na kueleza kila kitu, la jiwe, la ulimi na la amri aliyoitoa, bila kujipunguzia.

Sultani akasema, "Desturi yetu waijua. Mwanasesere akikataliwa na mama, kisu cha aliyemsafisha huvunjwa katika lango la soko, na hatagusa udongo tena maisha yake."

"Na kivunjwe, Mtukufu," akajibu Bi Tamima, "lakini kivunjwe Jumapili. Leo na kesho nakihitaji. Udongo ungali mbichi na unga wake ninao. Ukikauka haupokei kitu, nalo lililotoka litakuwa limetoka moja kwa moja."

"Wahitaji nini kingine?"

"Namhitaji mtu anayemjua Binti Nuruaini tangu utosini hadi nyayoni. Mimi sikumtazama."

Sultana Jokha akainuka na kuvaa ushungi wake.

"Unakwenda wapi?" akauliza Sultani. "Kwenye ua wa wafinyanzi?"

"Huko ndiko aliko mwanangu," akasema, na akatangulia mlangoni.

Wakaketi uani, Sultana juu ya chungu kilichofudikizwa, na mwanasesere kati yao juu ya kibao. Fundi Vuai, akiwa nyuma ya jamvi kama ilivyompasa, akajitolea kumimina mwingine siku ile ile.

"Kwa maji gani?" Bi Tamima akamuuliza. "Ya Jumanne yamekwisha, na ukichukua ya leo atatoka laini vile vile. Wewe kamua vitambaa, unipitishie chini ya jamvi, na visikauke."

Akalilamba jiwe, mara hii kwa makusudi, na jini akatoka, naye akiona kuna mgeni akainama mara mbili.

"Mrudishe alivyokuwa," Bi Tamima akamwamuru.

"Kuondoa najua, bibi. Kurudisha sikuumbiwa. Nao unga wote nimeuchanganya; mshono na visivyo mshono, vyote kwangu vilikuwa mistari."

"Na kitovu? Kwa nini umekiziba kitovu?"

"Kitovu ndicho nini?"

Sultana akamwonyesha kwa kidole mahali kilipotakiwa kuwa.

"Ah, lile," akasema jini. "Nililidhania ni tundu la kumiminia. Nililiziba vizuri sana. Msinicheke, sisi hatukuzaliwa. Tuliumbwa kwa moto, na moto haukufungwa na mtu."

"Sikucheki," akasema Sultana Jokha. "Kwa tundu hilo nilimlisha miezi tisa."

Jini akajipunguza kimo, akaketi pembeni.

Na ikawa mkono wake wa moto umeukausha udongo kuliko kawaida, kwani weupe wa ukavu ulikuwa umekwisha kuonekana utosini na katika ncha za vidole vya mikono, nao ulikuwa ukisogea kuelekea kiunoni taratibu. Bi Tamima akaulowanisha unga wa sinia hata ukawa kama siagi, akashika kisu, na Sultana akaanza kueleza, na Bi Tamima akawa anaweka na kuchora.

"Nyusi ya kushoto, juu yake, urefu wa punje ya mtama. Tarehe 6 Muharamu mwaka wa 857. Alivuta chungu cha maziwa. Mimi ndiye niliyekiacha ukingoni."

Bi Tamima akaliweka lile kovu. Na baada ya muda wa kutoka kasrini kwa miguu akaja Bi Hafswa, mwanamke wa nyumba ya ndani, akasema kwamba Binti Nuruaini ameshika uso wake ghafla na kusema maziwa yalikuwa ya moto.

Wakaenda hivyo hivyo. Viganja vyote viwili, ambavyo Sultana alivijua mstari kwa mstari kwa kuwa kila Idi alivipaka hina kwa mkono wake. Madoa matatu ya tetekuwanga begani, ya Ramadhani ya mwaka wa 861. Mkwaruzo wa paka katika kifundo cha mkono wa kulia.

"Upande wa chini au wa juu?" akauliza Bi Tamima.

"Wa chini. Alikuwa paka mwizi, lakini alimpenda."

Bi Hafswa akarudi. "Anauliza yuko wapi yule paka."

"Mwambieni alikufa kwa uzee," akasema Sultana, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akatabasamu kidogo.

"Bado?" akauliza Fundi Vuai nyuma ya jamvi, akisukuma kitambaa kingine chini yake.

"Kamua, usiulize," akajibiwa.

Kazi ikaendelea mpaka magharibi, ikaanza tena Jumamosi baada ya alfajiri, na kabla ya adhuhuri alama kumi na nane zilikuwa zimerudi, na kilichobaki ni kitovu. Bi Tamima alikuwa amekiacha kwa kukiogopa, kwa sababu udongo wa tumbo ni mwembamba, na kisu kikizidi unene wa ukucha kitatoboa hadi ndani, na tumbo litapasuka tanurini. Na weupe ulikuwa umekwisha kushuka hadi upana wa kidole kimoja juu ya mahali penyewe.

"Kilikuwaje, Mtukufu?"

"Kimeelekea kushoto kidogo," akasema Sultana. "Mkunga alikifunga kwa haraka. Nilikuwa navuja damu, na wote walinikimbilia mimi. Yeye alilala peke yake juu ya mkeka, wala hakulia."

Bi Tamima akashusha pumzi yote, akaweka ncha ya kisu, akazungusha mara moja, akaelekeza kushoto. Udongo ukatoka kipande kidogo kama dengu, na nyuma yake hapakutoboka. Akaondoa mkono. Wakaketi wakingoja, hata jini, na vitambaa vya Fundi Vuai vikarundikana chini ya jamvi.

Bi Hafswa akaja, akaketi kwanza, kwa kuwa alikuwa mnene na njia ilikuwa ya jua. Kisha akasema, "Anauliza mama amekwenda wapi tangu juzi bila kuaga."

"Mwambie niko kwa wafinyanzi," akasema Sultana Jokha, "naja." Na akajifunika uso kwa ncha ya ushungi wake, na wenzake wakatazama pengine hata alipojifunua.

"Ndizo zote, Mtukufu?" akauliza Bi Tamima, akiwa bado na kisu mkononi.

"Ndizo zote ninazozijua."

Mwanasesere akaingia tanurini Jumapili, tarehe 25 Rajabu, akatolewa Jumanne, tarehe 27, mzima, hana ufa. Sultana akambeba mbele ya baraza, amevishwa hariri, akasema maneno ya desturi, "Huyu ni wangu, nimempokea." Na Kadhi Mkuu akahukumu kwamba kisu huvunjwa mwanasesere akikataliwa, naye huyu hakukataliwa, kwa hiyo Sultani hana haki ya kukivunja, na Sultani akasema hajapata kufurahia kunyimwa haki kama siku ile.

Ndoa ikafungwa Jumamosi, tarehe mosi Shaabani, na Binti Nuruaini akaondoka na Amiri Sabiki, akimlilia mama yake kama inavyostahili. Bi Tamima akapewa nyumba ya mawe yenye ua mpana, na kisima chake, na mashamba mawili ya minazi, akawa tajiri. Hazikupita siku tatu ila Fundi Vuai akapeleka posa, na jibu likarudi kwamba amekubaliwa kwa sharti moja, azifunge kalibu zake barabara, maana mwenzake amechoka kunyoa uzembe wake. Wakaoana tarehe 8 Shaabani, na jamvi la katikati likaondolewa. Ama Tarfushi bin Kashkashi, Sultana alipouliza adhabu yake, Bi Tamima alisema kwamba aliyeambiwa aondoe kila mstari akauondoa hana hatia, na hatia ni ya aliyeamuru kabla ya kutazama; lakini tangu siku ile hakumpa kazi ya kuondoa kitu, akamweka kwenye pipa akoroge udongo, na huko alikoroga miaka mingi, akilalamika kwamba nguzo za wafalme zilikuwa kazi yenye heshima zaidi.

Na mafundi wa Buruji wakatoa hapo funzo wanalowapa wanafunzi wao mpaka leo, kwamba mshono ni wa kalibu na kovu ni la mtu, na asiyejua kutofautisha asishike kisu.

Limebaki jambo moja la kusahihishwa. Mzee Khatoro bin Sefu wa mtaa wa Mlango wa Chumvi huisimulia hekaya hii kwamba alama zilizorudishwa zilikuwa ishirini, na kwamba tanuri liliwashwa tarehe 21 Rajabu, na kwamba kisigino cha kushoto cha mwanasesere kilitoka laini kwa sababu kilikuwa kimekwisha kukauka na Bi Tamima akaficha. Tarehe hiyo si kweli, kwani tarehe 21 mwanasesere ndiyo kwanza alikuwa akitoka katika kalibu. Alama zilikuwa kumi na tisa. Ama kisigino, ni kweli kwamba ni laini, lakini ukavu ulianzia utosini na haukupata kufika miguuni. Kilikuwa kibichi mpaka dakika ya mwisho, chini ya kitambaa cha Fundi Vuai. Kovu la hapo Binti Nuruaini alilipata akiwa na miaka tisa, siku aliporuka ukuta wa bustani kwenda kutazama ngoma mtaani, akakanyaga kigae, na yaya wake akamfunga kwa kitambaa na kuapishwa asimwambie mama. Yaya huyo alifariki mwaka wa 866. Kwa hiyo siku ile haikurudi kwa mtu yeyote. Na huko Ghuraba, kila ngoma ilipopita chini ya dirisha lake, Binti Nuruaini alisimama akainua mguu wa kushoto kidogo, bila kujua sababu, na huko Buruji mama yake alimfuta vumbi mwanasesere kila asubuhi, akapitisha kidole juu ya kisigino kile, wala asione kimepungua nini. Bi Tamima hakuficha, wala hakusahau. Hakuambiwa.